Chai ya Januari

Fuvu lilitokea saa tatu asubuhi, chini ya kichaka cha tatu.

Mzee Nyabuto alikuwa aking'oa chai ubavuni mwa maktaba ya Chuo cha Mwangaza, nje kidogo ya Kaplong, ili mnara wa jubilii upate nafasi. Baada ya fuvu, jembe lilitoa ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha jiwe la Kisii, kimechongwa umbo la ndege. Ndege huyo alimchonga yeye mwenyewe. Akaketi kwenye udongo, na hapo ndipo polisi walipomkuta.

Inspekta Jerusa Akello aliamuru eneo lizungushiwe utepe, kisha akamwachia daktari wa polisi shimo. Daktari hakukawia. Mwanamke. Ufa mmoja kisogoni. Miaka mingi ardhini. Vipimo vya DNA vingechukua wiki kadhaa.

"Ufunguo ni wa wapi, Mzee?"

"Maktaba. Bitutu alikuwa anauvaa shingoni."

"Bitutu ni nani wako?"

"Bibi yangu, Afande. Yule mnasema alitoroka."

Hadithi hiyo Kaplong nzima iliijua. Hata kitabu cha historia ya chuo, ambacho kingezinduliwa Jumamosi, kilikuwa nayo: Januari 1999 mtunza maktaba wa kwanza alitoroka na dereva wa lori, akaacha aibu nyuma yake. Mwandishi alikuwa Dakta Onchiri, mwanzilishi wa chuo, sasa mwenyekiti wa baraza lake.

Dakta alimkaribisha Inspekta ofisini kwa chai na pole nyingi. Akamweleza taratibu, kama anayefundisha, jinsi walivyoanza na wanafunzi kumi na tisa. Jinsi watoto wa wachuna chai walivyosomeshwa fasihi, falsafa na muziki wakati wengine waliwaona ni wa kubeba vikapu tu. Alipofika kwa Bitutu, alishusha sauti. Nyabuto alikuwa mkali kwa mkewe, alisema, na Inspekta ajiulize ni nani aliyejua pa kuchimba.

Kikombe hakijaisha, simu ya Inspekta ikalia. Alikuwa mkuu wa kituo. Wageni wakubwa walikuwa wanatoka Nairobi, na alitaka mzee afunguliwe mashtaka ya mauaji kabla ya jioni. Wakubwa ndivyo walivyo. Mtu wa jembe hana wakili, basi ndiye wa kwanza kushikwa.

Nyabuto alifungwa pingu, akaketishwa ndani ya Land Rover chini ya ulinzi wa Konstebo Chepkosgei. Hakubisha. Aliuliza tu kama mifupa ingefunikwa, maana mawingu yalikuwa yanakusanyika.

Inspekta alikichukua kile kitabu cha historia akarudi shimoni. Alizaliwa kwenye laini, nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, na mama yake alichuna miaka thelathini. Akainama kutazama mashina. Chai ya pande zote ilikuwa ya zamani, kabla ya chuo, mashina manene kama paja. Vichaka tisa tu, vile vya juu ya shimo, vilikuwa na mashina ya unene wa mkono. Mtu alivipanda baadaye.

Ni nani, kitabu chenyewe kilisema. Ukurasa wa arobaini na moja kulikuwa na picha ya Dakta, kijana, ameshika ndoo: wiki ya ukaguzi, Januari 1999, Mkuu wa chuo alipanda miche tisa kwa mikono yake kama ukumbusho, akainywesha kila jioni.

Inspekta akakifunga kitabu, akarudi ofisini.

"Dakta, chai hupandwa lini?"

"Siku hizi polisi wanafundisha kilimo?"

"Lini?"

"Mimi ni mtu wa falsafa, Inspekta."

"Hupandwa mvua ndefu ikianza. Machi, Aprili. Januari jua linaua mche kabla haujashika. Mtoto yeyote wa laini anajua."

"Niliimwagilia."

"Nimesoma. Kila jioni. Haraka ilikuwa ya nini?"

Dakta alitazama dirishani.

"Nyabuto ni mtu wa chai," Inspekta alisema. "Angekuwa yeye, angengoja mvua. Na kwenye picha ni wewe."

Kisha mzee yule msomi akavua miwani.

Siku ile ukaguzi ulikuwa kesho yake, alisema. Wakaguzi walitaka vitabu elfu tatu, na maktaba ilikuwa na mia mbili. Aliazima lori zima la vitabu kutoka shule za huko chini hadi Fort Ternan, akamwagiza Bitutu avigonge vyote muhuri wa chuo. Bitutu alikataa. Akaapa kuwangoja wakaguzi mlangoni na kuwaambia.

"Nilitaka kumnyang'anya muhuri. Akavuta. Nikamsukuma, kichwa kikagonga rafu ya chuma."

"Alikufa hapo hapo?"

"Sijui. Sikuita mtu."

"Hospitali ya misheni iko hapo chini."

"Wangeuliza. Chuo kingefungwa, na wale watoto wangerudi kuchuna chai. Kulikuwa na shimo la choo limeachwa. Nilichagua chuo."

"Chuo hakikumsukuma, Dakta. Simama."

Pingu zilitoka mikononi mwa mmoja zikaingia mikononi mwa mwingine. Inspekta alimweleza Nyabuto yote, bila kuficha. Mzee alisikiliza, akauliza jambo moja.

"Na yule dereva?"

"Alikuwa wa lile lori la vitabu, Baba. Alivirudisha kwa wenyewe. Basi. Mama hakwenda popote."

Nyabuto alisugua viganja.

"Chai hiyo nimeipogoa mara sita. Kila nikikata nilikuwa namtukana. Namwambia, huko uliko, usipate raha." Akatazama shimoni. "Na nimesimama juu yake."

Matone ya kwanza yalianza kudondoka. Mzee alishuka kwenye gari, akavua koti lake, akaenda kulifunika lile shimo.