Jina la Nane Kwenye Programu ya Mazishi

Kila asubuhi naanza hivi: nafungua duka letu dogo hapa Kaplong, nawasha printa ipate joto, napanguza mashine ya kukata karatasi.

Alhamisi hiyo sikumaliza kupanguza.

Paa! Mlango ukafungwa nyuma yangu. Komeo likaingia.

"Msichana, ni wewe unatengeneza programu ya mazishi ya Mzee Robert wa Kiptere?"

Kipsang. Kifungua mimba wa marehemu. Nilimjua kwa picha nilizozipanga mwenyewe.

"Ndiyo..."

"Fungua page ya watoto."

Nikafungua kwenye kompyuta. Akagusa jina la nane, la mwisho.

"Huyu Chepkorir atoke. Baba alikuwa na watoto saba. Saba!"

Jamani!

Chepkorir ni mimi.

Mama yangu, kabla hajafa, alinitajia baba yangu mara moja tu. Sikuwahi kubisha mlangoni kwake. Mimi ni mwoga, nawaambia ukweli. Halafu Jumatatu mjane wake, Mama Phyllis, akaniletea orodha ya watoto aliyoiandika kwa mkono. Nilichapa jina langu machozi yakidondoka kwenye kibodi. Sikumwambia kitu.

"Lakini Mama Phyllis aliandika..." nikajaribu.

Kipsang akashika mpini wa mashine ya kukata. Akaushusha polepole. Kraaa!

"Hizi vidole unazipenda?"

Nikafuta. Nilijifuta kwa mkono wangu mwenyewe!

"Tuma kwa simu yangu."

Nikatuma. Akaisambaza kwa WhatsApp ya familia pale pale.

"Kwisha. Siku hizi nani anasoma karatasi?"

Moyoni nikajiuliza: kama hakuna anayesoma, mbona umefunga mlango?

Akaenda. Kitu kimoja hakuuliza... Nakala mia tatu za karatasi, zenye majina yote manane, zilikuwa zimeshaondoka jana yake. Mama Phyllis alizichukua mwenyewe.

Usingizi ulinikimbia hadi Jumamosi. Nilienda mazishini, nikasimama nyuma kabisa, kando ya shamba la majani chai. Kila mtu alikuwa na kijitabu cha programu mkononi. Kwetu vijitabu hivi havitupwi. Hukaa ndani ya Biblia miaka na miaka.

Kipsang akafungua chake. Akainua macho. Akaniona. Akaanza kuja, ngumi zimekunjwa...

"Kipsang! Keti!"

Mama Phyllis alikuwa ameshika maikrofoni.

"Mama, hii ni makosa ya printa! Kwa simu tuko saba!"

"Simu ni yako, futa vile unataka. Hii iko kwa mikono ya watu mia tatu. Haya, zunguka uwanyang'anye."

Watu wakaguna, wengine wakacheka. Kipsang akakaa.

Wapendwa, mkiniuliza kwa nini bado nauza karatasi dunia ikiwa kwenye simu, jibu ni siku hiyo. Mtu mmoja anaweza kukufuta kwenye skrini. Hawezi kukutoa kwenye Biblia za watu.

Mimi nilikuwa tayari nimegeuka kutoroka. Sauti ya Mama Phyllis ikanifuata, safari hii ya upole.

"Chepkorir, usiende. Printa ziko mingi Kericho, karibu na kwetu. Nilikuja kwako makusudi. Nilijua wewe ni nani, nikaogopa kukuambia. Nilitaka uone jina lako kabla ya mtu mwingine. Kuja ukae mbele na wenzako, mtoto wangu."