Mgeni wa Benchi la Nyuma

"Na mimi nimeshakuambia hauendi," Mama Jenoveva alisema, akipepeta mtama bila kumtazama binti yake.

"Mama, wale waigizaji wanaondoka kesho. Wakisharudi Musoma hawaji tena mpaka mwakani."

"Huwa unaendaga na kaka yako. Sasa Magige yuko kisiwani Rukuba anavua. Utaenda na nani, na hizo nyimbo?"

Wankyo alikuwa na miaka kumi na sita. Shule aliiacha darasa la tano, baba yake alipofariki, na tangu hapo hakupenda kitu chochote kama ule mchezo wa kuigiza wa msichana mchuma pamba anayetoroka harusi yake. Mchezo mzima uliimbwa, mwanzo hadi mwisho. Alikuwa ameuona mara mbili, na shambani aliimba beti zote kwa sauti iliyowasimamisha wapita njia.

Jumapili ile, baada ya misa, hakurudi nyumbani. Alishika njia ya Manyamanyama mpaka kwenye bohari la pamba, mahali kikundi kilipofunga pazia la mashuka. Bohari lilijengwa mwaka uliopita, wakati wa Operesheni Vijiji, mahali palipokuwa na miji, yaani maboma ya familia, ya watu waliohamishwa kwa malori. Makaburi yao yalibaki chini ya sakafu.

Aliketi benchi la nyuma. Nyimbo zilipoanza alisikia harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Pembeni yake aliketi mwanamke wa makamo, amejifunga shuka jeusi, akiimba kila wimbo kwa kunong'ona, neno moja mbele ya waigizaji. Wankyo alifurahi kupata mwenzake.

Walipotoka, mvua ilikuwa inanyesha. Mwanamke alisema hana pa kwenda, mji wao ulivunjwa. Wankyo alimjibu kama ambavyo mtu yeyote wa kwao angejibu.

"Kwetu pana nafasi, mama. Twende."

Njiani aligeuka mara moja. Kwenye tope kulikuwa na nyayo za Wankyo tu.

Mama Jenoveva alimwona binti yake anaingia, anatandika mkeka karibu na ukuta na kumpakulia ugali na dagaa mtu asiyeonekana. Alidhani anaudhiwa kwa ajili ya ule ugomvi, akamuuliza kama sasa mchezo umehamia nyumbani. Asubuhi sahani ilikuwa tupu, na mkeka umebonyea katikati.

Siku ya pili Wankyo alisahau ubeti mmoja. Siku ya tatu alisahau wimbo mzima, na sauti yake ikawa nyembamba kama ya mtu anayeongea kutoka ng'ambo ya mto. Siku ya nne, mchana wa jua kali, Mama Jenoveva alikuwa anasonga ugali uani aliposikia binti yake anaimba ndani ya nyumba, sauti ileile safi, moyo wake ukatulia, mpaka alipoinua macho akamwona Wankyo anakuja kutoka kisimani na ndoo kichwani, midomo inacheza, machozi yanamtiririka, anajaribu kuita na hakitoki kitu, huku kule ndani wimbo ukizidi kupanda, na harufu ya majivu mabichi ikitoka mlangoni kama pumzi ya mtu aliyesimama karibu sana.

Nyamburi, mganga wa kike kutoka Bugwema, alifika kesho yake. Alinusa mlango. Alimuuliza Wankyo kama Jumapili alimkaribisha mtu, akajibiwa kwa kuinamisha kichwa. Kisha aliwasogeza wote wawili karibu naye.

"Huyu hakuvunja mlango, aliitwa," alinong'ona. "Nyimbo zikiisha, atachukua pumzi. Nitamtoa, lakini ataaga kama mgeni yeyote. Msimsindikize. Msimjibu. Neno lolote mtakalompa pale mlangoni atalishika liwe haki yake."

Mama Jenoveva aliapa kwa jina la marehemu mumewe. Lakini huyu alikuwa mwanamke ambaye hajawahi kumwacha mgeni aondoke kimya. Hata mwenyekiti wa kijiji, aliyekuja kumgombeza kwa kutofika shamba la pamoja, aliondoka na viazi mkononi.

Nyamburi aliwasha majani yake, moshi ukajaa chumba, akaanza kusema maneno ya kwao kwa sauti ya chini, akiyarudia na kuyarudia, mpaka mkeka ukajinyoosha wenyewe taratibu kama mtu ameinuka juu yake, na kwenye sakafu ya udongo zikasikika hatua, moja, kisha nyingine, zikipita mbele ya magoti yao, zikienda mlangoni.

Wankyo akakohoa.

"Mama," akasema.

Mama Jenoveva alimvuta kifuani, akalia na kucheka pamoja, akimwomba aite tena, na Wankyo akaita tena, na tena. Nyamburi akaweka kidole mdomoni kuwakanya. Mama Jenoveva hakumwona.

Kwenye kizingiti hatua zilisimama. Sauti ya mwanamke, ya upole, ikasema, "Asante, mama. Nimekaa vizuri kwako. Mimi naondoka."

Na Mama Jenoveva, uso wake ukiwa bado kwenye nywele za mtoto wake, akajibu kama alivyowajibu wageni wake miaka yote:

"Haya, karibu tena."