Karatasi Mbili za Mtihani wa Ripoti

Saa tatu na robo asubuhi, matroni aliingia chumba cha kushonea akiwa na karatasi mbili mkononi. Nyuma yake alifuata mfagizi wa wodi, macho mekundu.

"Bibi Uzi, mtihani ulifanyika humu mbele yako. Huyu aliibia vipi?"

Bibi Uzi, fundi wa shuka na sare za hospitali, aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio la cherehani. Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji, lakini alijua kilichokuwa kikitafutwa: mwandishi wa ripoti za wodi. Ripoti ziliandikwa kwa Kiingereza, na watu walikwama kwenye nyakati za vitenzi. Dawa iliyokwisha kutolewa ikiandikwa kana kwamba itatolewa, mgonjwa hunyweshwa mara mbili. Ndiyo maana swali lilikuwa moja tu: mgonjwa alifanyiwa nini jana, anaendeleaje sasa, atafanyiwa nini kesho. Waliolijibu ni wawili, mfagizi na karani wa mapokezi.

"Zinafanana neno kwa neno," matroni alisema. "Wala hakuna kitenzi kilichokosewa. Karani namwamini. Huyu? Barua ya kumfukuza nimeshaiandika; saa sita anarudisha sare."

"Bibi, nimesoma miezi minane," mfagizi alinong'ona. "Mimi na ndoo yangu, daftari juu ya kifuniko."

"Usilie, mwanangu. Matroni, niachie hizo karatasi mpaka hiyo saa sita."

Alianza na mwalimu wa Kiingereza, aliyesimamia mtihani.

"Nasikia huyu binti mfagizi ni jirani yako. Hukumdokolea swali?"

"Bibi, si nililitunga hapa hapa, chaki mkononi, wewe ukinitazama?"

"Kweli. Na walikaa wamepeana mgongo, sikuona shingo iliyogeuka. Nani alizichukua karatasi?"

"Karani alijitolea kuzipeleka kwa matroni. Mimi nilibaki nafuta ubao."

Bibi Uzi akajikongoja hadi kwa mlinzi wa ukumbi, mtu anayeandika kila apitaye, hata paka.

"Wewe hukuzigusa?"

"Mimi nagusa rungu tu, bibi." Alifungua daftari. "Karani katoka kwako saa mbili na nusu. Kwa matroni kagonga saa tatu kasoro dakika tano."

"Hatua arobaini, dakika ishirini na tano! Alikuwa anatambaa?"

"Alipita ofisini kwake, akajifungia. Nikadhani chai."

Dakika peke yake hazimfungi mtu. Bibi Uzi alirudi mezani, akazipapasa karatasi kwa vidole vilivyofumua pindo miaka thelathini. Ya karani ilikuwa laini. Ya mfagizi ilikuwa na vishimo vidogo chini ya maneno fulani, hapa kimoja, pale viwili, kule vitatu. Akamwita mwalimu.

"Kitendawili!"

"Tega, bibi."

"Nimepita, nimefutwa, bado nimo."

Mwalimu aliinamisha karatasi dirishani, akacheka. "Alama za penseli! Ni mtindo wa darasa langu. Nukta moja kwa lililopita, mbili kwa la sasa, tatu kwa lijalo. Mtu akishahakiki kila kitenzi, anafuta."

"Usimwambie mtu."

Saa sita kasoro robo, wote walikuwa ofisini kwa matroni. Karani alikaa amekunja nne.

"Bwana karani," Bibi Uzi alisema kwa upole, "ulihakiki kwa penseli kama mwalimu anavyofundisha?"

"Ah, bibi! Mwanafunzi gani asiyefanya hivyo? Niliweka nukta zote, nikafuta."

"Weka kidole hapa. Hii ni ya binti. Sasa hapa, kwenye yako."

Karani alipapasa. Mguu ulishuka taratibu.

"Aliyetunga alihakiki," Bibi Uzi alisema. "Aliyenakili hakuwa na la kuhakiki. Ulijifungia na karatasi yake dakika ishirini na tano. Yako ya kwanza iko wapi?"

Karani akainama, akachomoa kwenye soksi karatasi iliyokunjwa. Mwalimu aliisoma, akatikisa kichwa: jana, leo na kesho zote zilikuwa uji mmoja.

"Miaka tisa nawasomea watu barua za Kiingereza," karani alisema. "Nishindwe na fagio? Wangenicheka mpaka getini. Muda ulinibana, sikuweza hata kubadili maneno. Lakini nilijua, kati ya karani na mfagizi, nani ataaminiwa."

Matroni aliinamisha uso. Neno hilo lilikuwa lake.

"Toka," alimwambia karani. Akamgeukia mfagizi. "Nimekukosea, mwanangu. Nilikuhukumu kwa sare."

"Ile barua ya kunifukuza iko wapi?" mfagizi aliuliza.

Matroni aliitoa mezani, akaichana vipande vinne.

"Basi nipe kalamu na kitabu cha ripoti," mfagizi alisema, akijifuta mikono. "Mgonjwa wa kitanda cha tatu amechomwa sindano saa tano, nilikuwa napiga deki pale. Hakuna aliyeandika, na zamu ya mchana inaingia sasa hivi."