Aliyeshuka Kwenye Kochi

Wanaume wanne walishindwa na kochi moja. Kochi lenyewe la watu wawili tu, mbao na springi na kitambaa cha kahawia kilicholiwa na nondo. Walikuwa wameshatoa kabati lililong'oka milango, friji isiyogandisha hata barafu, na magodoro mawili yaliyooza, vyote vikapandishwa kwenye pikapu ya Onyiego pale nje, mtaa wa nyuma ya msikiti mjini Kisii. Kochi likakataa. Kila mtu alishika pembe yake, wakahesabu moja mbili tatu, wakanyanyua, na miguu ya kochi haikuacha sakafu hata nafasi ya kupitisha karatasi.

"Mama, hii kochi iko na mtu?" Onyiego akauliza huku akijifuta jasho. Alikuwa anatania.

Firdaus hakuwa na hamu ya utani. Ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi baada ya alasiri wageni walikuwa wanakuja kutoka Migori kumposa Istarlin, binti yake wa pekee, na sebule bado ilikuwa kama bohari. Miaka ishirini na miwili ameolewa ndani ya nyumba hii, na miaka yote hiyo hajapanga hata kigoda sebuleni kwa akili yake mwenyewe. Mama mkwe wake, Bi Samsam, hakutaka kitu kisogezwe, na kochi lile ndilo hakutaka hata likaliwe. Kila Alhamisi jioni alilifukizia ubani, akaweka kikombe cha kahawa kwenye mkono wa kochi, halafu yeye mwenyewe akaketi sakafuni, mwanamke wa miaka sabini na zaidi anayelalamika mgongo. Firdaus alidhani mkwe wake anamkumbuka marehemu mumewe. Sasa Bi Samsam naye alikuwa amefariki, miezi saba imepita, na kila Firdaus alipomuuliza Shueib, mumewe, ni lini watatoa takataka zile, jibu lake lilikuwa moja: "Tutaona, Mama Istarlin."

Kuona gani huko kusikoisha? Firdaus alichoka. Jumatano alikwenda dukani peke yake akanunua kapeti nene, rangi ya damu ya mzee, manyoya yake yakizamisha kidole mpaka kwenye kucha. Likaletwa limeviringishwa, likasimamishwa koridoni, na sasa kochi moja linamzuia kulitandika. Hasira zikampanda. Akasimama mbele ya lile kochi, mikono kiunoni.

"Kama kuna mtu amekaa hapo, ashuke," akasema. "Akae chini kwenye kapeti kama watu wengine. Karibu, nafasi ipo."

Onyiego akacheka, akashika pembe yake, na kochi likanyanyuka kwa mkono wake mmoja. Kicheko kikamkauka. Wenzake wakatazamana, wakalitoa wawili tu bila kugusa fremu ya mlango, na pikapu ikaondoka kuelekea Kebirigo, ambako Onyiego ana kiwanja chake cha kuvunjia vitu vya zamani.

Kapeti likatandikwa. Lilipendeza, hilo halina ubishi. Firdaus alizunguka sebule yake miguu mitupu, akajisikia mwenye nyumba kwa mara ya kwanza, na ndipo alipoona pale pembeni, mahali kochi lilipokuwa, manyoya yamelala. Yalikuwa yamebonyea duara moja pana, na mbele ya duara mistari miwili mifupi. Akapiga magoti, akayachana kwa brashi ya nguo. Yakasimama. Alipofika mlango wa jikoni akageuka, yalikuwa yamelala tena.

"Kapeti za siku hizi," akanung'unika. "Wameniuzia uchafu."

Jioni ile harufu ya ubani ilijaa nyumba, na hakuna aliyewasha ubani. Haikuwa harufu nzuri ya makaa mekundu; ilikuwa ya ubani uliomwagiwa maji, chachu, inayokaba koo. Shueib aliingia kutoka dukani kwake, akanusa, akasimama mlangoni na viatu mkononi. Macho yake yalikwenda moja kwa moja pembeni.

"Kochi la mama liko wapi?"

"Limekwenda. Vua soksi uonje kapeti."

Shueib hakuonja. Alipita akiambaa ukuta, mtu mzima na kitambi chake, akaenda kula jikoni. Firdaus alimkata jicho tu, maana akianza kusema angesema mpaka asubuhi.

Ijumaa, muda mfupi kabla ya alasiri, Istarlin alikuwa ameketi katikati ya kapeti akipiga pasi dira lake, gauni la kuvaa kesho. Firdaus alikuwa jikoni akichambua mchele aliposikia springi zikilia, kwiii, kama zilivyolia zamani paka aliporukia kochi, ila kochi halikuwepo. Akatega sikio. Zikalia tena, karibu zaidi. Akaacha sinia akachungulia, na kile alichokiona kilimfanya ashike ukuta: duara lile lilikuwa limehama kutoka pembeni, liko hatua moja kutoka kwa mwanawe, na huku akitazama manyoya yaliinuka pale yalipokuwa yamelala na yakalala pengine, taratibu, bila haraka, namna mtu mzito anavyosogea kwa makalio ili amkaribie mwenziwe wapige soga, na Istarlin hakuona lolote, alikuwa anaimba kwa pua na kunyoosha mkono wa dira, mpaka wimbo ukakatika.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo. "Mama, njoo. Kuna uzito mapajani mwangu. Siwezi kuinuka."

Firdaus alimvuta kwapani kwa nguvu zake zote. Binti mwembamba yule alikuwa mzito kama kochi. Pasi ilikuwa inaanza kuunguza dira, harufu ya nguo inayoungua ikachanganyika na ile ya ubani, na Firdaus akavuta, akasoma alichokumbuka, akavuta, mpaka adhana ya alasiri ilipoanza na Istarlin akaachiliwa ghafla wakaanguka wote wawili.

Shueib aliporudi alikuta mkewe amemsubiri mlangoni. Safari hii hakukuwa na "tutaona". Akasema yote, ametazama chini. Mama yake alifuatwa na jini tangu usichana wake. Mwalimu mmoja wa zamani aliwapatanisha: lipewe mahali pake pa kukaa ndani ya nyumba, liheshimiwe, nalo lisimkalie mtu yeyote.

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Miezi saba nakuambia natoa kochi, na ulijua."

"Niliona aibu, Mama Istarlin. Ungenichukuliaje?"

Firdaus alitamani kumrushia kitu, na kitu chenyewe hakikuwepo, vyote alikuwa amevitoa. Akampigia Onyiego simu. Onyiego akashusha sauti. "Aki mama, hiyo mbao nilishapasua jana. Kitambaa nikachoma. Nikuambie ukweli, huku haikuwa na kitu. Ilikuwa kochi tu."

Mwalimu Ismael wa msikiti wa mtaani alikuja baada ya magharibi. Alisoma kwa muda mrefu, jasho likimtiririka kwenye ndevu, na manyoya ya kapeti hayakutikisika. Alipomaliza, akamwomba Firdaus arudie maneno aliyoliambia kochi jana, neno kwa neno. Firdaus akayarudia.

"Huyu hakuvamia," mwalimu akasema polepole. "Ulimshusha ukamkaribisha, tena ukamwambia nafasi ipo. Mgeni akikaribishwa na mwenye nyumba huonyeshwa pa kukaa. Wewe hukumwonyesha. Sasa anachagua mwenyewe."

"Anamtaka Istarlin?"

"Binti bado kijana. Atamkalia miaka mingi."

"Mtoe, mwalimu."

"Nitahitaji siku nyingi, na siahidi kitu. Ahirisheni posa."

Shueib akaafiki haraka haraka, ndiyo, waahirishe, wageni watasema nini lakini, au pengine wasubiri kidogo waone. Firdaus alimsikiliza mume wake akizunguka maneno na akahisi kuchoka kwa miaka ishirini na miwili kukimshukia mara moja. Waahirishe mpaka lini? Mpaka mwanawe abebwe mgongoni kwenda chooni? Alitoka akawaacha wanaume wakizungumza.

Sebule ilikuwa na giza la jioni. Duara lilikuwa mbele ya mlango wa chumba cha Istarlin, limeugusa kabisa, na nyuma ya mlango msichana alikuwa analia chini chini. Firdaus alisikia pumzi nzito isiyo ya mwanawe wala yake. Alikwenda hata hivyo, akaketi pembeni pale pale pa kochi, mgongo ukutani, akanyoosha miguu, akayapigapiga mapaja yake kama anavyoitwa mtoto.

"Nilikosea," akanong'ona. "Sikukuonyesha pa kukaa. Kaa hapa. Huyo mwache."

Springi zikalia mara moja tu.

Jumamosi wageni waliingia, wakasifu kapeti, wakasema sebule inang'aa. Istarlin alipita na sinia ya sambusa, mwepesi, anacheka, na wazee wakapokea jibu la posa na Fatiha ikasomwa. Firdaus alipokea kila mkono akiwa ameketi pembeni, tabasamu usoni, miguu imefunikwa leso. Watu wote wakatoka kupiga picha uani. Bibi ya kijana anayeposa akamnyooshea mkono amwinue.

"Tangulieni," Firdaus akasema. "Nawafuata."

Bibi akatoka. Sebule ikatulia, na Firdaus akahisi yule aliyekuwa mapajani mwake akijiegemeza kifuani pake, kichwa kikimtafuta bega, na miguu, mmoja baada ya mwingine, ikipandishwa juu.