Kikohozi Nyuma ya Pazia

"Nani anakohoa humo ndani?"

Mercyline aliuliza akiwa mlangoni, ufunguo mkononi. Chumba alikuwa amekifunga mwenyewe asubuhi. Ilikuwa Jumapili adhuhuri na ploti nzima ya vyumba vya kupanga huko Uthiru ilikuwa kanisani. Yeye alitoka ibadani mapema kwa sababu ya kichefuchefu. Alivuta pazia linalogawa kitanda na jiko. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu ya blanketi bichi na majani ya mkaratusi, kama ya mgonjwa aliyetoka kujifukiza.

Ukiacha nesi wa kliniki, mimba yake ilijulikana na watu wawili tu: mumewe Nashon, fundi wa mawe aliyekuwa kazini Naivasha, na mama mkwe, Mama Peres, aliyekuwa Siaya na amri zake.

"Mwanangu, mimba haitangazwi," alisema kwa simu. "Vaa sweta kubwa, nyamaza. Na hiyo sindano ya mafua wanayodunga wajawazito huko, usithubutu. Itakuulia mtoto."

"Lakini Mama, nesi alisema..."

"Nesi amezaa wangapi?"

Simu ikakatwa. Hebu tazama: kila mtu alikuwa na neno juu ya tumbo lile, na hakuna hata mmoja aliyekuja kukaa nalo.

Jioni, kwenye kamba ya nguo, alimuuliza jirani yake Veronicah kama alisikia mtu akikohoa. Veronicah aliangusha kibanio.

"Si kwako?" alinong'ona. "Kabla yako alikaa hapo msichana wa Machakos, Mbithe. Alikuwa na mimba. Mafua yalimshika, yakashuka kifuani, yakamuua. Landilodi akapaka rangi, akakupa ufunguo."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia ya nini? Wewe huna mimba."

Mercyline aliivuta sweta yake ifunike vizuri, akaanua nguo zake.

Kesho yake hakwenda dukani mjini anakoshona sare. Kichwa kilimgonga. Mchana alijilaza, akageukia ukuta, na alipoanza kusinzia alihisi godoro likizama taratibu nyuma ya mgongo wake, kama linavyozama Nashon akirudi, ila Nashon alikuwa Naivasha, na blanketi upande ule likaanza kulowa, na harufu ya mkaratusi ikamjaa puani, na mkono baridi ukapita juu ya ubavu wake ukatulia tumboni kwa upole, kwa upole mno, kama wa mtu ambaye hajaguswa siku nyingi, na sauti kavu ikamwambia sikioni, "Sogea kidogo. Hata mimi waliniambia ninyamaze."

Alifungua kinywa apige yowe. Kikatoka kikohozi. Hakikuwa chake.

Alikimbia na malapa miguuni hadi kliniki ya Kinoo. Nesi Yvonne alimpima joto, akamsikiliza kifua, akashangaa.

"Kifua ni safi, joto hakuna. Mara ya mwisho ulikuja lini? Ile sindano ya mafua, umeamua?"

Mercyline alipandisha mkono wa sweta hadi begani.

"Nina mimba!" Foleni yote iligeuka. "Nina mimba, na nataka sindano!"

"Sawa, mama, wamesikia hadi Uthiru," Yvonne alicheka, akimpangusa mkono kwa pamba. Sindano ilipoingia, kitu kilimtoka Mercyline kifuani kwa mluzi mrefu, na mtoto akapiga teke.

Chumba alikikuta kikavu, bila harufu. Akalia kidogo. Hata yule mgeni wa ajabu, angalau alikuwa amekuja kukaa.

Alikuwa akimenya viazi siku ya pili, jua la saa tisa likiingia mlangoni, alipokisikia tena kikohozi. Kile kile, kikavu. Mara hii kilitoka ng'ambo ya ukuta, kwa Veronicah. Ndipo alipokumbuka kwamba Veronicah naye, na joto lote hili, havui sweta.

Aliacha kisu, akaenda kubisha. Mlango ulifunguka kidogo. Harufu ya blanketi bichi ikamtangulia Veronicah.

"Ni mafua tu," Veronicah alisema, akijifunika tumbo.

"Vaa viatu twende Kinoo," Mercyline alisema. "Nitakaa na wewe kwa foleni. Tafadhali."