Dungu la Mwanasiti

Kila alfajiri mpunga ulipoiva, Mwanasiti alikwea dungu, kibanda kidogo kilichojengwa juu ya nguzo shambani, akawafukuza ndege kwa kombeo na makelele. Shamba lilikuwa la mama yake, Kibibi, mjane aliyeishi ukingoni mwa Mto Tana, karibu na Garsen. Kwa uvivu wa kurudi nyumbani kula, Mwanasiti alipanga mafiga chini ya dungu akawa anapikia papo hapo. Mama alimkataza, lakini wapi!

Ndipo akaja Karani Mramba na askari wake. Enzi zile za mkoloni, miaka ya thelathini, watu walitozwa kodi kwa kila nyumba waliyokuwa nayo, na asiyelipa alinyang'anywa mali. Karani aliyatazama mafiga na majivu.

"Hapa panapikwa, basi ni nyumba," alisema. "Kibibi, una nyumba mbili. Usipolipia zote, tunauchukua mtumbwi."

Bila mtumbwi wa kuuvusha mto, mpunga ungeozea shambani. Mjomba Godhana, aliyekuwa akivuna nao, akamnong'oneza Mwanasiti, mama yake akisikia, "Sema wamepika Waorma, wachunga ng'ombe waliopita."

Mwanasiti alipandwa na hasira. Waorma wamekosa nini?

"Mafiga ni yangu!" alisema kwa sauti. "Nimepika mimi, kwa uvivu wangu. Lakini hii si nyumba, na mtumbwi hauchukuliwi!"

Alikimbia mtoni, akarukia mtumbwini, akashika kingo kwa mikono miwili. Askari alimvuta, naye hakubanduka.

"Bwana Karani, kama dungu ni nyumba, panda ulale!"

"Alale! Alale!" majirani waliokusanyika wakadakia.

Karani alipanda kwa hasira, akajilaza. Miguu ikaning'inia nje kuanzia magotini, nguzo zikayumba, nao ndege wakaumiminikia mpunga kwa raha zao. Watu walicheka mpaka machozi. Hata askari aligeuza uso.

"Lipa ya nyumba moja," Karani alisema aliposhuka, akijipangusa vumbi.

Mama alifungua pindo la kanga, akamlipa. Karani alipokwisha kuondoka, Mama alimgeukia binti yake.

"Tunachodaiwa kwa haki tumelipa, na cha dhuluma tumekataa. Lakini ungewasingizia Waorma, mwanangu, ningekutoa mtumbwini kwa mikono yangu mwenyewe. Haya, kayang'oe mafiga yako uyarudishe nyumbani."

Mwanasiti aliyabeba moja moja juani, na safari hii hakubisha.