Pipa na Moto

Kila alipotoka shule, Upepo alipitia chumba cha mbele, mahali mama yake alipokuwa akishona nguo. Jina hilo la Upepo alipewa na shangazi yake, maana mtoto huyu alikula kabla ya kunawa na kujibu kabla ya kuulizwa.

Siku hiyo alikuta kitambaa cha buluu kimetandazwa mezani. Kilikuwa cha majoho ya kwaya ya watoto.

"Kesho asubuhi nakata," mama alisema, pini amezibana mdomoni. "Wazazi wote wamenitumia vipimo kwa barua pepe. Nenda kwa shangazi yako, usikiguse kitambaa changu kwa hiyo mikono!"

Shangazi alikuwa chumba cha nyuma, mbele ya kompyuta. Kazi yake ilikuwa kuandika maelezo ya zana zinazotumiwa na wasaidizi wa akili bandia, yaani programu zinazopewa kazi zikaifanya zenyewe.

"Msaidizi husoma maelezo ya zana, kisha anachagua," alisema. "Ukiandika 'sukari' kwenye kopo la chumvi, chai utainywa mwenyewe. Sasa tazama. Zana hii inatupa barua pepe pipani. Ukijuta, unaiokota. Hii nyingine inafuta kabisa, kama moto. Hebu ziandikie maelezo, bingwa wa insha. Ukimaliza tutazijaribu pamoja kwenye sanduku la barua pepe la mazoezi."

"Hiyo tu? Kufumba na kufumbua, shangazi!"

Simu ikalia, shangazi akatoka uani kuongea. Upepo akaandika kwenye zana ya kwanza: "Huondoa barua pepe." Alipofika ya pili aliona uvivu kuanza upya, akanakili maneno yale yale. Shangazi alikuwa bado anacheka na simu. Ndipo wazo likamjia, tena wazo la upendo, ndiyo maana hakulichunguza. Sanduku la mama si limejaa? Atamsafishia! Akaacha la mazoezi, akaingia la mama, ambalo shangazi aliliacha wazi kwenye kompyuta hiyo, na kumwagiza msaidizi: "Ondoa barua pepe zote zilizosomwa."

"Nimemaliza," msaidizi alijibu papo hapo.

Upepo akachungulia pipani. Tupu! Barua za vipimo hazikuwamo. Zana zote mbili zilikuwa na maelezo yaleyale, na msaidizi alikuwa amechukua moto.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kuisingizia kompyuta, ambayo haina mdomo wa kujitetea. Lakini chumba cha mbele mama alikuwa akinoa mkasi huku akiimbia puani wimbo wa kwaya, pini zikiwa bado mdomoni, na ule wimbo ulimchoma Upepo kuliko fimbo. Akaenda, akasema yote bila kupunguza.

Mama akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine. Hapo Upepo akajua mambo ni mazito.

"Wifi!" mama aliita. "Njoo uzirudishe hizi barua."

Shangazi akaja, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Hazirudi, wifi yangu. Maji yamemwagika. Na mimi nina kosa, nimeacha sanduku lako wazi. Lakini mtoto amesema kabla hujakata. Tumshukuru Mungu kwa hilo."

Mama akavua futi ya kupimia shingoni, akamvika binti yake. "Barua zimeungua, wanakwaya hawajaungua. Wako hapa hapa mtaani. Nenda ukawapime, na kila mlango useme ukweli."

Upepo akaenda mlango kwa mlango. Mzazi mmoja alifoka, "Umefuta vipimo nilivyotuma?" Akajibu, "Ndiyo, mama. Nisamehe." Mwingine alicheka: "Afadhali umekuja, mwanangu. Mimi nilimpima kwa macho!" Kitindamimba wa kwaya alipimwa akirukaruka kama chura. Mvulana waliyemwita Besi alivuta pumzi akatunisha kifua.

"Pumua, Besi! Joho ni lako, si la fahali!"

Walicheka hadi futi ikamponyoka Upepo. Jua lilipoinama alikuwa na vipimo vyote, na miguu yote miwili ikilalamika.

Kabla ya kukaa, alirudi kwenye kompyuta. Mara hii aliandika polepole: "Zana hii hufuta barua pepe moja kwa moja. Haipitii pipani, na hakuna awezaye kuirudisha. Kama kazi ni kusafisha tu, tumia zana ya pipa. Kabla ya kufuta, mwonyeshe mwenye sanduku barua zenyewe, usubiri akubali."

Walijaribu pamoja, kwenye sanduku la mazoezi. Upepo akaagiza barua moja ifutwe kabisa. Msaidizi akaionyesha, akauliza: "Barua hii haitarudi tena. Una hakika?"

"Sina!" Upepo alipiga kelele kwa furaha. "Asante kwa kuniuliza!"

Mama alicheka akiwa mlangoni, futi imerudi shingoni pake. Asubuhi mkasi ulikata kitambaa bila wasiwasi, na Jumapili kwaya iliimba ndani ya majoho yaliyowakaa sawasawa. La Besi lilimbana kidogo kifuani, kwa kuwa siku ya kupimwa alitii akatoa pumzi yote.

Shangazi akamwinamia Upepo sikioni. "Unaona, mwanangu? Anayekufanyia kazi hufuata unachomwambia, si ulichowaza. Mwambie yote, hasa la hatari. Nawe ukikosea, sema mapema, kitambaa kikiwa bado kizima."